Likizo ya Ranchi ya Farasi: Hesabu Tuliyoikosea Mara ya Kwanza

Tunajua swali litakalokuja kwanza: mbeba boksi na farasi wapi na wapi? Sisi wenyewe tulicheka dada yetu alipotoa wazo hilo. Dada huyu anamtunza bibi mmoja hapa Denver, bibi aliyekulia ranchi huko Wyoming, ambaye kumbukumbu karibu zote zimemtoka isipokuwa za farasi. Miaka minne dada amezisikia hadithi hizo kila usiku anapomgeuza kitandani. Siku moja akatuambia, "Jamani, mimi kila ninachonunua kinapanda kontena, na kila ninachopata kinaingia M-Pesa. Nataka kitu kimoja ambacho hakiwezi kutumwa nyumbani. Nataka kupanda farasi siku tatu."

Tulikuwa wanne: yeye, yaya mmoja, na mafundi wawili wa saiti, mmoja wa jipsamu na mwingine wa zege. Hadi leo tumepanga safari hiyo mara mbili. Mara ya kwanza tulichagua ranchi kwa picha, na hela zikatutoka. Mara ya pili tulichagua kwa hesabu. Tunaandika ili wewe uanzie pale tulipofika sisi.

Ranchi za wageni, ambazo Wamarekani wanaziita dude ranch, si kitu kipya. Ndugu wa ukoo wa Eaton walianza ufugaji Dakota mwaka 1879, marafiki wa mjini wakawa wanakuja kukaa na kula hadi ikabidi walipe, na mwaka 1904 wakahamia Wolf, Wyoming, ambako ranchi yao ipo mpaka leo. Mwaka 1926 wenye ranchi wakaunda chama chao, wakisaidiwa na kampuni ya reli iliyotaka abiria. Tangu hapo biashara ni ileile: unalipa bei moja, unapewa chumba, chakula na farasi.

Au ndivyo inavyodhaniwa. Hapo ndipo tulipojikwaa.

Unanunua saa za farasi, hununui bwawa la kuogelea

Ranchi yetu ya kwanza ilikuwa na bwawa la maji moto, chumba cha kukandwa mwili na vitanda ambavyo hatujawahi kulalia. Dola 1,050 kwa mtu, usiku tatu. Tuliingia Alhamisi saa kumi jioni, farasi walishafunguliwa matandiko. Ijumaa tukapanda saa moja asubuhi na saa moja mchana. Jumamosi vilevile. Jumapili farasi wanapumzika, na saa nne tunatakiwa tuwe tumetoa mizigo chumbani. Tulipokaa kwenye gari kurudi, fundi wa zege akatoa simu akapiga hesabu: dola 1,050 gawanya kwa saa nne. Kila saa juu ya mnyama ilitugharimu zaidi ya dola 260. Hakuna aliyeongea mpaka tulipofika barabara kuu.

Sasa swali letu la kwanza kwa ranchi yoyote ni hili: kati ya siku ninayoingia na siku ninayotoka, mimi mmoja nitakuwa juu ya farasi kwa saa ngapi? Usikubali jibu la "farasi kila siku". Uliza siku ya kuingia wanapanda? Siku ya kutoka? Ranchi nyingi zina siku moja katika wiki ambayo farasi hawaguswi, na ni sawa, mnyama naye ana haki yake, lakini usiangukie siku hiyo kama una siku tatu tu. Uliza pia kama kupanda kumo ndani ya bei. Zipo sehemu zinazojiita ranchi ambazo ni hoteli yenye zizi, na kila ukipanda unalipa pembeni.

Ranchi ya pili haikuwa na bwawa. Vyumba vya mbao, bafu dogo, intaneti ya kubahatisha. Bei dola 1,080. Lakini tulipanda saa 12 kwa siku tatu, yaani dola 90 kwa saa, na kila mtu alipewa farasi wake mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo la farasi mmoja lisikupite. Siku ya kwanza mnaogopana, siku ya pili mnajuana, siku ya tatu anajua mkono wako. Ukibadilishiwa kila asubuhi unabaki mgeni siku zote.

Swali la pili ni mwendo. Kuna sehemu ambazo wageni wote wanapangwa mstari mmoja, pua ya farasi huyu kwenye mkia wa yule, kutembea tu, hata uwe na uzoefu gani. Kwa anayeanza si vibaya. Lakini kama unataka kujifunza matiti, ule mwendo wa kurukaruka unaotingisha ubongo, na baadaye shoti, uliza kama wanafundisha na kama wanagawa makundi kwa uwezo. Uliza kiongozi mmoja anachukua wageni wangapi. Sisi tulikuwa sita kwa mmoja, na tuliona inatosha. Wakisema kumi na mbili, tafuta kwingine.

Bei iliyoandikwa na bei utakayolipa

Hii ndiyo hesabu ya mmoja wetu, fundi, kwa ranchi ya pili. Bei dola 1,080. Tozo ya huduma asilimia 15, ambayo wanagawana wafanyakazi, dola 162. Kodi, dola 80. Fungu lake la mafuta ya gari, dola 30. Mabuti ya mtumba, dola 35. Hapo ni 1,387. Lakini bado: Alhamisi na Ijumaa hakwenda saiti, na analipwa dola 160 kwa siku. Hapa Marekani hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha bosi kukulipa ukiwa likizo, kwa hiyo mwenye kazi ya kutwa lazima ahesabu na siku alizokosa. Weka 320. Jumla dola 1,707.

Kwenye ukurasa wa ranchi iliandikwa 1,080.

Tozo ya huduma isikukasirishe. Waulize tu mapema kama imo ndani ya bei au wanategemea bakshishi, kwa sababu pengine ni asilimia 15 hadi 20 na inakupata siku ya mwisho ukiwa na noti mbili mfukoni. Sisi tunaosafisha nyumba za watu tunajua bakshishi ni nini kwa anayepokea. Huwezi kumfungulia mlango kijana aliyekutandikia farasi siku tatu halafu ukageukia pembeni.

Tulikusanyaje? Hatukucheza upatu. Upatu ni mzuri mtu anapotaka hela kwa zamu, lakini hapa wote mnazihitaji siku moja. Tulifungua kibubu cha pamoja benki, majina mawili kwenye akaunti, kila mtu dola 95 kwa mwezi kwa miezi 18. Hiyo ni 1,710. Fundi wetu alibakiwa na dola 3, akanunua kahawa njiani. Na tuliwekeana sharti: hela ya nyumbani inatoka kwanza, ada za watoto zinatoka kwanza, ndipo 95. Ukishindwa mwezi huo, hukopi kwa ajili ya farasi. Unaruka mwezi, tunasogeza safari.

Kianzio: hapa ndipo mwenzetu alipoumia

Kwa ile ranchi ya kwanza tulitakiwa kulipa kianzio cha asilimia 30, dola 315 kwa kila mtu. Tulilipa kwa kuhamisha benki kwa benki. Wiki saba kabla ya safari, fundi wetu wa jipsamu alipigiwa simu saa nane za usiku. Mnajua simu za saa hizo. Baba yake mdogo, aliyemsomesha, amefariki, na macho yote ya msiba yanamtazama yeye aliye Marekani.

Tukaiandikia ranchi tukaomba warudishe ile 315. Walijibu kwa upole, wakatupa pole, wakatuonyesha kifungu: ukijitoa zikiwa zimebaki siku chini ya 60, hakirudi kitu. Sisi tulikuwa kwenye siku 49. Hawakutuibia. Iliandikwa, tena kwa Kiingereza chepesi, sisi ndio hatukusoma. Tulikuwa tunaangalia picha za bwawa. Mwenzetu akakopa 300 kwa ajili ya sanduku na usafiri wa mwili, huku 315 zake zimekaa kwenye ranchi ambayo hakuiona.

Sisi watu wa mbali, msiba au ugonjwa wa nyumbani si jambo la bahati mbaya tu, ni jambo la kupangiwa. Kwa hiyo kabla ya kutoa senti, uliza kwa maandishi mambo matatu. Mpaka siku ya ngapi kianzio kinarudi? Baada ya hapo, naweza kusogeza tarehe? Na naweza kumpa mtu mwingine nafasi yangu? Hilo la tatu ranchi ndogo nyingi hazijaliandika popote, lakini ukiliomba wanaweza kukubali, maana kwao kitanda ni kitanda. Ranchi ya pili walituandikia kwenye barua pepe: jina linabadilika mpaka siku 14 kabla.

Na lipa kwa kadi ya mkopo kama unayo, halafu uilipe mwezi huohuo kutoka kwenye kibubu. Ukilipia kitu usikipewe, sheria ya Marekani inakuruhusu kupinga malipo ya kadi ya mkopo, ila uwaandikie ndani ya siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye malipo hayo itumwe. Ukituma kwa Zelle au kwa kuhamisha benki, hela ikishaondoka imeondoka. Mwenye ranchi anayekataa kadi kabisa na kukuharakisha utume kwa simu leo hii kwa sababu "imebaki nafasi moja", mwache na nafasi yake.

Mwili wako ndio mtaji

Hapa tusitanie. Farasi ana kilo 450 na zaidi, na anaweza kushtuka kwa mfuko wa plastiki. Yaya akivunjika kiwiko, hanyanyui mtoto. Fundi akivunjika nyonga, miezi mingapi bila saiti? Na bima ya ajali kazini haihusiki, maana hukuwa kazini.

Kila ranchi itakupa fomu ya kusaini kwamba unajua hatari. Pale Colorado utaona na kibao ukutani chenye maneno ya sheria: mwenye shughuli za farasi hawajibiki kwa kuumia au kifo kinachotokana na hatari za kawaida za farasi. Maana yake kwa lugha yetu ni kwamba ukianguka kwa sababu farasi ni farasi, bili ni yako. Kwa hiyo piga simu kwa bima yako ya afya kabla ya kulipa kianzio, uulize: nikiumia milimani, hospitali ya huko mnailipa vipi? Tangu Januari 2022 kuna sheria ya taifa inayomlinda mwenye bima asipigwe bili ya kushtukiza na helikopta ya wagonjwa isiyo kwenye mtandao wa bima yake. Ambulensi ya barabarani haimo kwenye sheria hiyo. Na kama huna bima kabisa, ushauri wetu utakuudhi: subiri. Anza na saa moja ya kutembea na farasi kwenye tambarare, siku tatu za mlimani ziache kwanza.

Ukinunua bima ya safari, soma orodha ya vitu wasivyolipia. Baadhi wanaweka kupanda farasi humo humo pamoja na kuruka na parachuti.

Uzito nao wanauliza, usione aibu. Ranchi nyingi zina kikomo, mara nyingi pauni 225 au 250, kwa ajili ya mgongo wa mnyama. Sema ukweli kwenye simu, kuliko kuambiwa mbele ya watu ukiwa umeshalipa. Halafu kuna mwinuko. Denver iko mita 1,600. Ranchi nyingi za milimani ziko mita 2,400 au zaidi, juu kuliko Eldoret. Siku ya kwanza kunywa maji mengi, pombe iache, na kichwa kikiuma usijilazimishe.

Mafundi, sikilizeni: mabuti ya saiti hayafai. Yale meno makubwa ya soli yananasa kwenye kikuku, pale unapokanyagia, na ukianguka mguu umenasa unaburutwa. Unataka buti lenye soli laini na kisigino kifupi kinachozuia mguu usipenye. Na kofia ya saiti si helmeti ya farasi. Mmoja wetu aliibeba kwa kujiamini kabisa; yule binti aliyetupokea aliitazama, akaingia ndani bila neno, akatoka na helmeti halisi. Wengi wanazo za kuazima, bure. Vaa hata kama wenyeji wamevaa kofia za pama.

Dada zetu wanaovaa hijabu, mtandio mwepesi uliobana hukaa vizuri chini ya helmeti. Baibui refu linalopepea hapana, linanasa na linamshtua farasi. Suruali pana na kanzu fupi inatosha. Na chakula: kiamshakinywa cha ranchi kinanukia nguruwe, na nyama ya ng'ombe ya jioni si halali mpaka waseme wameinunua halali. Tuliwaandikia wiki tatu kabla, wakatuwekea samaki na maharage bila maneno. Ukiwaambia siku ya kufika, utakula viazi.

Bosi akisema "twende wote"

Baadhi yenu, dada zetu walezi, mtapelekwa ranchi bila kulipa hata senti, kwa sababu familia inakwenda na watoto wanakwenda. Ni jambo jema kuona milima. Lakini usiwaandikie nyumbani kwamba uko likizo. Kama unalala chumba kimoja na mtoto na unaamka naye, uko kazini, na mkubaliane kwa maandishi kabla ya kuondoka: saa za kazi, malipo, siku yako ya kupumzika iko wapi. Yaya wetu aliwahi kukaa wiki nzima ranchi na familia moja bila kugusa farasi. Alikuwa anashika koti za watoto uani.

Kwa walio kusini mwa Arizona, ambako msimu ni majira ya baridi maana kiangazi joto haliwezekani, kumbukeni kuna vizuizi vya ukaguzi vya uhamiaji kwenye barabara za ndani, kwa mfano ile ya I-19 kuelekea Tucson. Beba makaratasi yako halisi. Mwenye kesi iliyo wazi azungumze na wakili wake kabla ya kupanga njia hiyo. Na walio England, huko mahali pa kukodisha farasi panatakiwa kuwa na leseni ya halmashauri, omba kuiona.

Kuna waliotuambia mambo haya ni ya Wazungu. Inakadiriwa kwamba baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mmoja kati ya kila wachunga ng'ombe wanne wa magharibi alikuwa mtu mweusi. Hapa hapa Denver kuna jumba la makumbusho la historia hiyo, Black American West Museum, kwenye nyumba ya zamani ya daktari Justina Ford. Tulikwenda Jumamosi moja kabla ya safari. Ni kazi ya mchana mmoja, na inakutoa ugeni.

Jambo la mwisho tulilolifanya mara ya pili ambalo mara ya kwanza hatukulifikiria: tulijaribu. Kabla ya kulipa kianzio tulikwenda Estes Park, tukakodi farasi kwa saa mbili. Ilitugharimu kila mtu chini ya dola 200. Fundi wa zege aligundua kwamba hapendi. Anaogopa, na hakuona sababu ya kujificha. Akatoa hela yake kwenye kibubu, akainunulia mabati ya nyumba ya mama yake, na nafasi yake ikachukuliwa na shemeji yake yaya.

Fundi wa jipsamu ndiye tuliyemhofia, kwa yale ya mwaka wa kwanza. Jumapili asubuhi, saa tatu, tulipanda mlima mara ya mwisho na yeye akawa wa pili nyuma ya kiongozi, akipiga matiti bila kushika pembe ya tandiko. Aliposhuka miguu yake ilikuwa imepinda kama upinde. Akatuomba tumpige picha moja tu na yule farasi, halafu akatukataza kuiweka status mpaka watoto wa baba yake mdogo wawe wamelipiwa ada ya Januari.